Faini ya Jogoo

Ninaikumbuka siku moja kuliko hata siku ya ndoa yangu, na mke wangu asinisikie. Ni siku nilipotozwa faini ya jogoo mbele ya watu wote wa nyumba, huku mdogo wangu amelala ndani anaungua homa, na kila dakika tuliyopoteza ilikuwa inakula mguu wake.

Weka chini hiyo ndoo, Masika mwanangu, ukae hapa. Na wewe mke wangu unayesikiliza huko jikoni, sikiliza tu, hakuna siri. Nitasema Kiswahili kile mapadri walichotufunza kwa fimbo, lakini maneno ya wazee wangu nitayatoa vile yalivyotoka kinywani mwao, njo kwa ndiyo, yulu kwa juu, maana ukiyanyoosha sana yanapoteza chumvi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa Masereka, kule juu kwenye baridi, na kazi yangu ilikuwa chukudu. Wewe mtoto wa siku za pikipiki unaiona chukudu kama kuni zenye magurudumu, lakini ile ndiyo iliyomsomesha mama yako. Ni mbao ngumu, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira, na usukani kama pembe za ng'ombe. Kwenye kupanda unaisukuma mpaka unaona nyota mchana. Kwenye kushuka unapiga goti juu yake, na mguu mmoja unakaa tayari kukanyaga kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma. Hicho kipande ndicho breki. Kikikukatalia, wasalimie mababu.

Mimi ni Paluku. Kwetu jina linakutuma kazi kabla hujajua kutembea: Paluku ni mvulana wa kwanza, anayemfuata ni Kambale. Kambale akivunja kikombe, watu wanauliza Paluku alikuwa wapi. Kambale wangu alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, mcheshi, anajua kuiga sauti ya katekista mpaka koko wetu (ndivyo tunavyomwita bibi au babu, na huyu ni mama ya baba) anacheka katikati ya rozari. Tulishuka pamoja kila siku ya soko la Butembo: mimi kwenye chukudu na magunia ya viazi, yeye mbele kwa mguu, anakimbia akipiga kelele, "Njia! Njia!" ili watu na mbuzi watupishe.

Kazi hiyo ina sheria moja. Ukifika juu, kabla mteremko haujaanza, unasimama na kukaza kamba. Hata kama ulizikaza nyumbani, hata kama mvua inakuja. Njia ya kupanda inalegeza kila kitu, na mteremko hausamehe kilicholegea. Baba alinifunza hivyo, mimi nikamfunza Kambale, na nilipenda sana kumgombeza juu ya jambo hilo. Alikuwa anaitika "ndiyo, monsenyeri" na kunipigia goti kama mbele ya askofu.

Siku moja sikusimama. Tulikuwa tumechelewa, vijana wenzangu walikuwa wamenipita na kunicheka, nikasema moyoni, leo mtaniona. Niliingia mteremko mbio. Kona ya kwanza nikasikia magunia yanasogea chini ya goti langu. Kona ya pili kamba ikaachia, chukudu ikalala upande, mimi nikarushwa huku na mzigo ukaenda kule. Kule ndiko alikokuwa Kambale. Yeye hakupiga kelele, mimi ndiye niliyepiga. Mguu wake wa kuume ulikuwa chini ya gunia, umepinda mahali ambapo mguu haupindi, na mfupa umetoboa ngozi.

Mzee mmoja fundi wa mifupa alimfunga vijiti na majani. Nami sikuficha kitu, maana mficha uchi hazai: niliwaambia wazee waziwazi kwamba sikusimama pale juu. Wakakaa baba, baba mdogo, na koko, mwanamke mfupi mwenye sauti nene kama ya askofu. Walinigombeza inavyostahili. Kisha, kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, wakachinja kuku, mama akasonga bundu, ugali wetu wa mihogo, na sisi wote tukala katika sahani moja. Kambale akapewa nyama ya kwanza, naye akaigawanya akanilisha nusu kwa mkono wake. Tulipomaliza, baba mdogo akasimama.

"Kesi imekuliwa. Imeisha. Mutu mwenye ataileta tena mu kinywa, atalipa."

Hiyo ndiyo sheria yetu, mwanangu. Kesi ikishaliwa, hata jirani mlevi haruhusiwi kuitapika. Na wote waliitii, Kambale wa kwanza, ila mimi sikuitii.

Mimi nilikuwa naileta kila siku, mara ya kwanza kimya kimya, halafu kwa sauti. Nikimwaga maji, najiambia: kichwa ya mbuzi, wewe. Nikisahau jembe shambani: mutu ya bure, ulivunja ndugu yako, sasa hata jembe linakushinda? Nikiona watu wawili wanaongea njiani nilijua wanasema juu yangu, kumbe wanasema juu ya maharagwe yao. Chukudu niliitundika nyuma ya nyumba. Chakula nikawa nakula peke yangu jikoni, nikiona sistahili kukaa na wenzangu. Na nilijidanganya kwamba hiyo ndiyo toba. Nilidhani nikijipiga vya kutosha, mguu wa Kambale utanyooka.

Kambale mwenyewe, aliyeniita yaya kama mdogo anavyomwita kaka yake, aliniambia mara moja tu. "Yaya, ukiingia humu ndani, hauniangaliake mimi. Unaangaliaka mguu."

Nikatoka nje, na nikajitukana kwa hilo pia.

Sasa sikia. Mwezi wa pili tangu ajali, baba alikuwa amekwenda Manguredjipa kutafuta dhahabu, na mvua ikanyesha siku sita bila kupumua. Daraja la magari likaenda na maji, lori halipandi wala halishuki. Asubuhi ya siku ya soko Kambale akaamka mguu umevimba unang'aa, kidonda kimefunguka kinatoa usaha, na yeye anaongea na mtu asiyekuwepo. Fundi wa mifupa akaja, akainama, akanusa, akatikisa kichwa.

"Hii haiko tena kazi yangu. Mumupeleke ku hopitali Butembo leo. Leo, hapana kesho. Kesho banakata mguu, ao tunachimba kaburi."

Vijana wote wenye nguvu walikuwa wameshashuka sokoni tangu alfajiri na chukudu zao. Kipoyi, ile machela ya kubebwa begani, inataka wanaume wanane wa kupokezana, na kijijini walibaki wazee, wajawazito na kuku. Baba mdogo alikuwa na nyonga mbovu, alitembea kama meza yenye mguu mfupi. Chukudu iliyobaki ilikuwa moja, ile yangu, na mtu aliyejua kuishusha alikuwa mmoja.

Wote wakaniangalia.

"Hapana," nikasema. "Hapana mimi."

"Paluku, unasema nini?" baba mdogo akauliza.

"Hii mikono njo ilimuvunja. Munataka imumalizie? Mutafute mutu mwengine. Mimi niko mutu ya bure, niko muuaji. Mukinipatia Kambale, nitamuua."

Mama akaanza kulia. Baba mdogo akanisihi, akanitisha, akanishika shati. Kila aliponisihi nilizidi kujitukana. Na nikuambie ukweli unaoniaibisha hadi leo: ndani ya matusi yale mlikuwa na raha fulani. Nikijiita mtu bure, nani atanipa kazi ya kufanya? Nikijiita muuaji, nani atanikabidhi mgonjwa? Nilikuwa nimejichimbia shimo na kujificha humo, huku nje naonekana mtu mwenye toba. Jua lilikuwa linapanda. Ndani Kambale alikuwa anamwita mbuzi wetu tuliyekuwa tumemuuza mwaka uliopita, anamwita kwa jina, kwa upole, kama mbuzi yuko mlangoni. Nilimsikia na bado miguu ilikataa.

Ndipo koko akatoka jikoni na fimbo yake. Akaketi juu ya kigoda katikati ya kiwanja, akagonga chini mara tatu, vile wazee wetu wanavyofungua shauri.

"Niko na kesi," akasema.

"Mama!" baba mdogo akamaka. "Mutoto anakufa, wewe unaleta kesi?"

"Nyamaza. Kesi yangu iko mufupi. Kuko mutu mu hii nyumba anatukanaka mutoto ya mutoto yangu. Nilivumilia mwezi muzima. Leo nimechoka."

Nikamjibu kwa ukali, maana nilidhani uzee umemchanganya. "Koko, nani anamutukana Kambale? Hakuna mutu."

"Nilisema Kambale? Minasema Paluku." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kichwa ya mbuzi. Mutu ya bure. Muuaji. Juzi pale ku kisima ulisema eti ni heri hangezaliwa. Paluku ni mujukuu yangu ya kwanza. Nilimubeba mu mugongo, nilimutafunia chakula. Nani alikupa ruhusa ya kumutukana?"

"Koko, ni mimi mwenyewe..."

"Mwenyewe njo nani? Kama mutoto ya jirani anamuita Paluku muuaji, mutamufanya nini?"

Aliyejibu ni Kambale, kutoka ndani, kwa sauti nyembamba kama uzi. Homa ilikuwa imemwachia nafasi ya pumzi moja.

"Ningemupiga," akasema. "Hata na mguu moja."

Koko akanielekezea fimbo. "Unasikia? Tena ile kesi ilikuliwa. Wote tulikula, na wewe ulikula, tena ulikula mingi. Sasa kila siku unaitoa mu tumbo unatuonyesha. Basi utalipa. Lete jogoo."

Jogoo yule, mwanangu, alikuwa mali yangu ya pekee duniani. Mwekundu, mkia mweusi, kifua mbele kama mkuu wa wilaya. Nilikuwa nimempangia safari ya kwenda kwa wazazi wa msichana fulani, na msichana huyo ndiye huyu anayejifanya hasikii huko jikoni. Nilimwangalia koko usoni, nikaona hatanii. Basi nikaanza kumfukuza. Jogoo anakimbia, mimi nakimbia, nateleza kwenye tope, nainuka, baba mdogo anachechemea kumzuia kule kwenye ua, mama analia na kucheka pamoja. Nikamshika. Nikampa koko kwa mikono miwili, matope mpaka kwenye nyusi, kifua kinachemka. Nilikuwa nimemkasirikia bibi yule mno, na kumbe ilikuwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima kumkasirikia mtu ambaye si mimi.

Koko akamfunga jogoo miguu, akamlaza kando ya kigoda. Sauti yake ikashuka.

"Ule mwenye alimutukana Paluku amelipa, ameenda. Sasa niko nauliza Paluku mwenyewe, ule wa chukudu. Njia ya Butembo unaijua?"

"Ninaijua."

"Ukifika kule yulu, utafanya nini?"

"Nitasimama. Nitakaza kamba."

"Siku ile haukujua vile?"

"Nilijua na kichwa tu, koko. Leo najua na mwili muzima."

"Ile akili ilikuya na bei kali, na ndugu yako njo alilipa. Sasa unataka kuitupa? Matusi ilikufunza nini? Hata fundo moja haikukufunza. Amuka, mujukuu yangu. Funga kamba."

Nikaamka.

Tulimlaza Kambale juu ya chukudu, chini yake majani makavu na blanketi, tukamfunga kwa vitenge vya mama na kamba za mpira. Mama alifuata nyuma kwa mguu na kibuyu cha maji. Kwenye kupanda nilisukuma bila kuangalia pembeni. Pale juu nikasimama. Fundo la kwanza likanikatalia mara mbili. Nikazishika kamba moja moja, nikaning'inia kwenye kila moja kwa uzito wangu wote. Mbili zilikuwa zimelegea. Nikazifungua, nikazifunga upya, nikajifuta jasho, tukaingia mteremko.

Sikushuka mbio. Breki ilinuka mpira unaoungua, nikawa nasimama kila mara ipoe, na kila niliposimama niliona jua limesogea. Kwenda haraka ni hatari, kwenda polepole ni hatari. Kambale alikuwa ameacha kuongea, na kimya chake kilinitisha kuliko maneno ya homa. Halafu tukafika kona ya pili, ile ile. Tope lilikuwa limefunika jiwe, sikuliona. Gurudumu la mbele likaruka, chukudu ikayumba kwenda ukingoni, na Kambale akapiga yowe ambalo naomba Mungu asinisikizishe tena. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tukasimama, gurudumu la mbele liko juu ya majani ya ukingo, na chini ya majani ni bonde tupu.

Hapo ile sauti ya matusi ndani yangu ikaja. Umeona? Muuaji. Si nilikuambia? Nilitaka kukaa kwenye tope na kujifunika uso, mama anikute hivyo, mtu mwingine aje, yeyote. Nakuapia, goti moja lilikuwa limekwisha kugusa chini.

Nikamkumbuka jogoo. Ndiyo, cheka. Nikawaza, sina jogoo mwingine; nikitukana hapa koko atadai mbuzi. Basi badala ya tusi nikatafuta neno lingine, na halikuja haraka, maana sikuwa nimelizoea. Nikajiuliza: kama ni Kambale anayeshusha na mimi nimelala, akagonga jiwe hili hili, ningemwambia nini? Ningemwita kichwa cha mbuzi? Hata! Nikasema kwa sauti: "Paluku, jiwe ilikuwa chini ya matope, haukuiona. Pole. Hauyaanguka bado. Rudisha gurudumu ku kushoto, polepole."

"Yaya," Kambale akasema, macho amefumba, "unaongea na nani?"

"Na Paluku."

"Umuambie anipe maji."

Mama alikuwa ametufikia. Tukampa maji. Nikarudisha gurudumu kushoto, polepole, na njia ikatupokea. Kuteleza si kuanguka, walisema waliotutangulia, na siku ile nilijua walisema wakiwa na matope magotini.

Mtoni tulipita juu ya magogo, mama kashika nyuma, mimi nikimhesabia hatua. Tuliingia Butembo jua limeanza kuinama. Daktari akafungua kidonda, akasafisha, akatoka akatuambia mguu utabaki. Akasema, "Mngengoja siku moja zaidi, ningeukata." Nililia pale kwenye korido mpaka muuguzi akaniletea kiti. Kambale alirudi Masereka baada ya wiki tano. Anachechemea kidogo hadi leo, na ukimuuliza anasema yeye anatembea vizuri, ni Paluku ndiye anayeenda mbio.

Jogoo tulimkuta hai. Koko alikuwa amemfuga wakati wote ule, anamngoja Kambale. Tukamla katika sahani moja, na alikuwa mgumu kama kile kipande cha breki. Koko akanipa paja kwa mkono wake, akaniambia, "Ya pili imekuliwa. Ya tatu itakuwa mbuzi."

Sasa, Masika, unajua kwa nini nimekuketisha. Jana nilikusikia pale bombani. Ulikuwa unafua, ukadhani maji yanafunika sauti. Ukasema, "Wewe ni mudada ya bure. Uliachia mutoto." Na tazama, umeanza kulia hata kabla sijamaliza.

Siku mlipokimbia kutoka kijijini, kule upande wa Beni, ulikuwa na mtoto mchanga wa mama yako mgongoni, mzigo kichwani, na mdogo wako Mbusa, wa miaka sita, mkononi. Risasi zilikuwa zinalia nyuma yenu, njia imejaa, watu wanasukumana. Mkono ukateleza, Mbusa akapotea kwenye umati. Siku tatu nyumba hii haikula. Siku ya nne tukampata hapa hapa Butembo, katika kiwanja cha parokia, amekaa na mama mmoja mkimbizi aliyekuwa anamgawia mihogo yake. Tulimshukuru Mungu, tukamshukuru yule mama, tukapika, tukala sahani moja. Na wewe ulikula, nilikuona.

Lakini tangu siku ile humshiki tena mkono. Asubuhi unamwomba binti wa jirani ampeleke shule. Unasema una kazi. Ninaijua kazi hiyo, niliifanya mwezi mzima kule Masereka, na karibu imalize mguu wa mtu.

Mwanangu, sikuambii kwamba haikutokea. Mkono uliteleza, kama vile mimi sikusimama pale juu. Kosa liseme kwa ukubwa wake, usilipunguze, na usiliongeze pia. "Mkono uliteleza" ni ukweli. "Mimi ni dada bure" ni tusi, na tusi halijawahi kukaza kamba ya mtu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo: tafuta fundo lako ni lipi. Labda ni kitenge cha kumfunga Mbusa kiunoni pako mkikimbia tena, Mungu apishe mbali. Labda ni kumfunza jina la baba yake na la mtaa huu, aliseme hata akiwa na usingizi. Hilo ulifanye. Ukishalifanya, acha kesi ipumzike tumboni mwa watu walioila.

Na sauti ile itarudi. Mzee akikuambia ameifukuza kabisa, anakuuzia mbuzi ndani ya gunia. Mimi nimepita sitini, na nikisahau miwani yangu bado ninasikia: kichwa ya mbuzi. Ulimi hauna mfupa, hata ule wa ndani. Ikija, jiulize tu, angekuwa mdogo wangu ningemwambia nini? Kisha jiambie neno hilo hilo, kwa sauti, hata watu wakikuona umechanganyikiwa. Na chunga ile raha ya shimo. Unapojiita mtu bure, angalia vizuri ni nani amelala ndani anakungoja huku wewe umejificha.

Kwa sababu juzi Mbusa alikuja hapa, akakaa pale pale ulipokaa. Alikuwa anaangalia kiganja chake, anakigeuza. Akaniuliza, "Koko, mukono yangu iko na ubaya gani? Juu ya nini Masika anauogopa?"

Jibu hilo ni lako wewe.

Basi inama nikuwekee mkono. Mungu wa wazee wetu, aliyetuvusha juu ya magogo, akuvushe na wewe. Akupe mikono yenye nguvu na ulimi wenye huruma, kwanza kwa yule Masika ambaye nilimbeba mimi. Ukiteleza uinuke, ukiinuka usiwe na mtu ndani yako wa kukusukuma tena chini. Amani irudi kule kwenu, na mkirudi mrudi wote, pasipungue hata mmoja.

Amina. Futa machozi. Sasa tuingie kwenye kesi, maana umemtukana mjukuu wangu na mimi nimesikia kwa masikio yangu. Yule kuku mweupe ni wako, usijifanye hujui. Mwite Mbusa akusaidie kumkamata. Na msiachane mikono mpaka mmemshika.